Nobu ya kasi si gia

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa cherehani na pampu za maji, niko Morogoro. Kazi za bushi na pini napeleka kwa wenye mashine, nasubiri siku mbili tatu, na mara nyingine kitu kinarudi hakiingii. Nimeamua ninunue mashine yangu ndogo ya kukereza, niiweke chumba cha uani, kwa umeme wa kawaida wa nyumbani. Nimeonyeshwa moja ya milimita 180 kwa 350, mota wati 750, ina nobu ya kubadilisha kasi kutoka mizunguko 50 hadi 2500. Muuzaji anasema kwa kuwa kasi inabadilishwa kwa nobu, mambo ya gia na mikanda nisahau, na kwamba itafanya kazi yoyote hadi ngoma za breki za bodaboda. Bei ni milioni 3.2. Mfuko wangu mwisho ni milioni 5 na nusu. Rafiki yangu ananiambia niachane na vitu vya kuchezea, nikanunue mashine kubwa ya mtumba kule Gerezani, Dar es Salaam. Nimsikilize nani?"

Marahaba, fundi. Kusubiri siku tatu kwa bushi ya ukubwa wa kidole ni sababu tosha ya kununua mashine, na kazi ulizozitaja, za cherehani na pampu, mashine ndogo inazimudu vizuri. Hapo sina shaka na wewe. Shaka yangu iko kwenye yale maneno ya muuzaji, kwamba nobu inaondoa haja ya gia na mikanda. Si kweli, na ukiyaamini utaiunguza mashine huku ukidhani unaitumia kwa upole.

Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea mashine ya ukubwa huohuo. Aliniambia imekufa ghafla. Nilipofungua kifuniko cha nyuma, harufu ya vanishi iliyoungua ilinifikia kabla sijaona chochote. Kwenye bodi ya umeme transista mbili zilikuwa zimepasuka katikati, na kioo cha fyuzi kimekuwa cheusi chote. Nikamuuliza alikuwa anafanya nini. Alikuwa anasawazisha uso wa flenji ya pampu, ile sahani ya kuungia bomba, chuma cha kasti, kipenyo milimita 90. Akaona inazunguka kasi mno, akashusha nobu. Kisu kilipogusa, mashine ikaanza kuguna, mzunguko ukawa mzito, akasukuma kisu kidogo ili imalizie. Ikanyamaza. Kijana yule hakuwa mzembe. Kushusha kasi kwa kazi pana ndivyo tunavyofundishwa, na yeye alitii. Kilichokosekana ni nafasi ya pili ya mkanda, ya kupunguza kasi, ambayo mashine yake haikuwa nayo kabisa.

Sababu yake ni hii. Wati zilizoandikwa kwenye kibao cha mota zinatokana na vitu viwili vinavyozidishana: msokoto, yaani ukali wa ile nguvu inayozungusha, na kasi. Mota ya aina hii, ukiishusha kwa nobu, msokoto wake unabaki palepale, hauongezeki. Kasi ikishuka hadi moja ya kumi, wati nazo zinashuka hadi moja ya kumi. Gia au mkanda hufanya kitu tofauti kabisa: mota inabaki kwenye kasi yake nzuri, spindeli, yaani mhimili unaozungusha kazi, ndiyo inayopunguzwa kasi, na kile kilichopungua kwenye kasi kinarudi kama msokoto.

Bodaboda anaijua habari hii bila hesabu. Akiwa na abiria wawili na mlima mbele yake, akabaki gia ya nne na kupunguza moto, pikipiki itaguna na kuzima. Akishuka gia ya kwanza, anapanda. Nobu ni kupunguza moto. Mkanda ni kushuka gia.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo utakapoweza kumjibu muuzaji yeyote. Msokoto kwa nyutoni-mita ni 9550 mara kilowati, gawanya kwa mizunguko kwa dakika. Tuchukulie mashine yako kweli inatoa wati 750 ikiwa mizunguko 2500, na haina nafasi ya pili ya mkanda. 9550 mara 0.75 gawanya kwa 2500 ni karibu 2.9. Huo ndio msokoto wako, kwenye 2500, kwenye 300, na kwenye 90. Ukiwa kwenye mizunguko 90, mashine ya wati 750 inakupa wati 27 hivi.

Upande wa kazi: ukikata chuma cha kawaida kwa kina cha nusu milimita, kisu kikisogea milimita 0.1 kila mzunguko, kisu kinasukumwa na kani ya kama nyutoni 150. Ukikereza shafti ya milimita 25, kani hiyo iko umbali wa milimita 12.5 kutoka katikati, kwa hiyo unahitaji msokoto wa karibu 1.9. Unao 2.9, kazi inakwenda. Flenji ya milimita 90 kwa mkato uleule inataka karibu 6.8. Huna. Na kwa sababu kazi pana lazima izunguke polepole, inakutaka msokoto mkubwa palepale ambapo nobu imekuacha na wati chache kuliko mahali pengine popote. Mota zisizo na brashi huweza kuvumilia kuzidiwa kwa muda mfupi, nusu dakika hivi, halafu joto linapanda.

Ungekuwa na mkanda unaopunguza kasi mara tatu, ule msokoto wa 2.9 ungefika 8 na ushee baada ya kutoa hasara za mikanda. Flenji ileile, mota ileile, na hakuna kinachoungua.

Waingereza waliotengeneza mashine ndogo ya kukereza ya Myford ML7 kule Beeston, Nottingham, kuanzia 1946, walilijua hili barabara. Mashine nyingi za aina hiyo zilifungwa mota ya theluthi ya nguvu-farasi tu, kama wati 250, na zikafanya kazi za karakana ndogo kwa miaka mingi. Spindeli yake ina gia za nyuma zinazoishusha hadi mizunguko 35, na kwa mikanda tu inapanda hadi 640. Wati 250 zenye gia nyuma yake zinasukuma flenji ambayo wati 750 zenye nobu peke yake zinaishindwa. Kwa hiyo mtu akikutajia wati, muulize zinapita wapi kabla hazijafika kwenye chaki, yaani zile taya zinazoshika kazi.

Na hizo wati zenyewe zichunguze. Karatasi ya tangazo mara nyingi huandika umeme mota inaovuta, au kilele chake cha sekunde chache. Nguvu inayotoka kwenye ekseli ya mota kwa kazi ya kudumu ni pungufu. Tafuta kibao cha mota yenyewe, kile cha bati, usisome stika ya mbele ya mashine.

Nisieleweke kwamba nobu haina faida. Mimi binafsi sitaki tena mashine isiyokuwa nayo. Unaposawazisha uso wa kitu kipana ukitoka nje kuja katikati, kipenyo kinapungua kila unaposogea, na kwa nobu unapandisha kasi taratibu hadi mwisho, uso unatoka sawasawa. Mashine ikianza kulia, ile sauti kali inayoacha mawimbi kwenye chuma, mara nyingi kugusa nobu kidogo juu au chini kunainyamazisha. Unapokata nyuzi kuelekea kwenye bega, unaikaribia pole kama unavyotaka. Kasi inayobadilika ni nzuri sana ikiwa juu ya mikanda miwili au mitatu ya kuchagua. Peke yake ndiyo tatizo.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni kumwomba muuzaji afungue kifuniko cha upande wa kushoto. Ukiona puli yenye ngazi mbili au tatu, au mkono wa gia wenye nafasi ya juu na ya chini, endelea kuongea bei. Ukiona puli moja kwa moja, mkanda mmoja, hakuna pa kuuhamishia, jua hiyo ni mashine ya vitu vidogo tu. Baadhi ya mashine za 180 zina gia mbili ndani ya kichwa, ya chini inakupeleka hadi kama 1100 na ya juu 2500. Hizo ni bora kuliko zisizo na kitu. Ila uliza kama gia za ndani ni za chuma au za nailoni, kwa sababu za nailoni meno yake hunyolewa kisu kikikwama. Gia za chuma za kubadilishia zipo.

Kazi zako mwenyewe zinakaa wapi katika hesabu hii? Kanuni rahisi ya mizunguko ni 320 mara kasi ya kukatia chuma hicho (mita kwa dakika), gawanya kwa kipenyo cha milimita. Chuma cha kawaida kwa kisu cha haispidi, chuma kigumu cha kutengenezea visu, kinataka mita 25 hivi kwa dakika, brasi 60 au zaidi, kasti 18 hadi 20. Pini ya cherehani ya milimita 8 inatoka mizunguko 1000. Bushi ya brasi ya milimita 20 inatoka 960. Shafti ya pampu ya milimita 25 inatoka 320. Zote hizi, hata mashine uliyoonyeshwa inazifanya. Impela na flenji za pampu za milimita 80 hadi 100 zinataka mizunguko kati ya 55 na 100, na hapo inakwama. Angalia daftari lako la miezi sita iliyopita. Kama flenji ni moja kwa mwezi, ipeleke nje kama unavyofanya sasa. Kama ni kila wiki, mashine hiyo usiichukue.

Kuhusu ukubwa, namba 180 kwa 350 zinahitaji kusomwa vizuri. Ile 180 ni kipenyo kinachopita juu ya kitanda. Kikiwa juu ya kibebeo cha kisu, ambako ndiko kazi ndefu inakaa, ni kama 110 tu. Na 350 ni umbali kati ya ncha mbili, mbele na nyuma, bila chaki. Ukifunga chaki, ukafunga na chaki ya keekee nyuma ili utoboe, urefu wa kazi yako unabaki kama milimita 150 hadi 200. Kitu cha tatu kinachosahauliwa ni tundu la spindeli. Mashine za 180 nyingi zina milimita 20. Kitu kinene zaidi hakipiti ndani, lazima ukikate kwanza. Mashine za daraja la juu yake, za 210 kwa 400, nyingi zina tundu la 38. Kwa fundi wa pampu tofauti hiyo ni kubwa kila siku ya kazi, kwa sababu unaingiza fimbo ndefu ya brasi ya milimita 30, unakereza bushi, unakata, unavuta mbele, unakereza nyingine, bila kupoteza kipande cha kushikia.

Uzito nao. Mashine ya 180 ina kama kilo 40, ya 210 karibu mara mbili yake. Chuma hicho cha ziada ndicho kinachozuia kisu kisirudi nyuma kinapokutana na kazi. Kitanda kiwe cha kasti. Usikubali cha aluminiamu. Na mashine yoyote utakayochukua, ifunge kwa bolti kwenye meza nzito, sio ya mbao nyembamba inayocheza. Hata mashine ndogo hukata vizuri ukifupisha kisu: kisu kilichochomoza mara mbili kinapinda mara nane kwa kani ileile. Mafundi wengi wanalaumu mashine inayolia, kumbe kisu kimechomoza milimita 40 badala ya 15.

Mota ziko za namna tatu. Ya brashi za kaboni ni ya bei nafuu, brashi zinaisha na zinabadilishwa, na fundi wa umeme wa mtaani anaielewa. Lakini bodi yake ndiyo ile iliyopasuka transista, na ikizungushwa polepole kwa muda mrefu inapata moto kwa sababu feni yake iko kwenye ekseli yake mwenyewe. Ile isiyo na brashi ina msokoto mzuri zaidi chini na haina makelele, ila bodi yake ikifa huwezi kuitengeneza kwa kuotea, unabadilisha nzima. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha bodi ya akiba au kukupa maandishi ya muda atakaokuletea, mpunguzie bei au muache. Ya tatu ni mota ya fezi tatu inayoendeshwa na inveta, na hiyo inanileta kwa rafiki yako.

Rafiki yako hakukosea kuhusu chuma. Mashine ya zamani ya kiwandani, ikiwa kitanda chake hakijaliwa, itakata kuliko hizi zote na ina gia kamili. Lakini haiji peke yake. Inakuja na uzito unaotaka winchi na sakafu ya zege, na mara nyingi inakuja na mota ya fezi tatu, wakati chumba chako cha uani kina fezi moja. Inveta inaweza kugeuza fezi moja ya volti 230 kuwa fezi tatu, ila inatoka na volti 230 hizohizo, sio 400. Soma kibao cha mota. Kikiandikwa 230/400, mota inaweza kuungwa kwa delta, namna mojawapo ya kuunganisha nyaya zake, ikafanya kazi kwa inveta hiyo. Kikiandikwa 400/690, kama zilivyo nyingi za kilowati 4 na kuendelea, haitakupa nguvu yake. Utahitaji mota nyingine au kuomba TANESCO wakuingizie fezi tatu. Na hata inveta ya kilowati 2.2 inaweza kuvuta ampea 20 na zaidi upande wa kuingilia, kiasi ambacho plagi ya kawaida ya ampea 13 haiwezi. Ukijumlisha usafiri, zege, inveta na fundi wa umeme, milioni 5 na nusu zinaisha kabla hujanunua kisu kimoja. Kwa karakana yenye vijana wanne na kazi ya kutwa ningekwambia nenda. Kwa chumba cha uani na cherehani, hapana.

Ushauri wangu kwako ni mashine ya 210 yenye mota isiyo na brashi na mikanda ya ngazi mbili, kama unaipata ndani ya milioni 4. Ikizidi hapo, chukua ya 180 yenye gia mbili au mkanda wa ngazi mbili, ukubali kwamba flenji zitaendelea kutoka nje. Usimalize mfuko wote kwenye mashine yenyewe. Tenga zaidi ya milioni moja kwa vinavyoifanya ifanye kazi: chaki ya taya nne, vijiti vya haispidi na grainda ya benchi ya kuvinoa, geji ya saa yenye kishikio cha sumaku, venia nzuri, maikromita ya 0 hadi 25, na chaki ya keekee. Vijana wengi huanza na visu vya kabaidi kwa sababu vinakuja vimenolewa. Kwa mashine ndogo na mkato mdogo, haispidi iliyonolewa kali inakata kwa kani ndogo zaidi, na ikivunjika ncha unainoa tena. Kunoa ndiko kutakakokuchukua muda kujifunza kuliko kuendesha mashine. Kama VETA ya karibu na wewe wana kozi fupi ya mashine, wiki chache za kusimama karibu na mtu anayenoa zinalipa.

Siku ya kununua nenda na kipande cha chuma cha kawaida cha milimita 25, urefu wa 120, kisu chako kilichonolewa na mtu unayemwamini, na geji ya saa. Mashine ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa, funga kipande kwenye chaki, weka geji juu yake karibu na chaki, kisha kinyanyue kwa mkono ukitumia fimbo. Sindano ikisogea zaidi ya milimita 0.03, beringi zina plei. Uulize kama inakazwa au beringi inabadilishwa. Zungusha chaki kwa mkono: geji ikicheza 0.05 hadi 0.08 kwenye chaki ya taya tatu, hiyo ni kawaida yake, usimkatie muuzaji bei. Sogeza kila mkono wa kibebeo mwanzo hadi mwisho. Ukiwa mzito sehemu moja na mwepesi nyingine, kabari za pembeni hazijakazwa sawa, na hilo linarekebishika nyumbani kwa bisibisi na subira.

Kisha iwashe. Weka mkanda nafasi ya kasi ndogo, nobu kwenye mizunguko 320, kata nusu milimita kwa kisu kinachojisogeza chenyewe. Usiangalie kisu, sikiliza mota. Sauti ikishuka na kurudi, bodi inajitahidi lakini inaweza. Ikishuka isirudi, imeshindwa kwenye kazi nyepesi kuliko utakazoipa. Halafu kata mara mbili nyepesi za 0.1 kwa urefu wa milimita 80, upime kwa maikromita mwanzo na mwisho. Tofauti ya 0.02 inavumilika. Ikiwa 0.08 na kitanda kimekaa sawa, kichwa cha mbele kimepinda, na muuzaji akikwambia "utazoea", ondoka.

Jaribio la mwisho watu hulisahau, na kwa umeme wetu ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Mashine ikiwa inazunguka bila kazi, mwambie muuzaji achomoe plagi ukutani, asubiri isimame, airudishe. Mashine haitakiwi kuwaka yenyewe. Ikiwaka, maana yake umeme ukikatika ukiwa unapima kazi kwa venia, utakaporudi chaki itaanza kuzunguka na mkono wako uko ndani. Swichi yenye ulinzi huo inauzwa na fundi wa umeme anaifunga kwa nusu saa. Usikereze kitu kabla haijafungwa.

Ngoma za breki za bodaboda: hapana. Nyingi zina kipenyo cha ndani cha milimita 110 au 130, na ukisikia hivyo unaona kama inaingia kwenye 180. Lakini ngoma hiyo ni sehemu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, iliyofungwa spoki na rimu ya inchi 17 au 18. Ili ipande kwenye mashine ndogo lazima ung'oe spoki zote, na hata hapo chaki ya milimita 80 au 100 inashika kitu kizito kwa sehemu ndogo, kwenye kasi ambayo msokoto hautoshi. Kazi hiyo ina mashine kubwa zake. Na ngoma ina kikomo cha kipenyo, mara nyingi kimeandikwa ndani yake. Ikishavuka hapo haikerezwi tena, inabadilishwa. Mteja akikubembeleza, mwelekeze pa kwenda. Breki si mahali pa kujaribia mashine mpya.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, lazima umwite mtu. Fundi umeme mwenye leseni aangalie waya wa ardhi wa hicho chumba kabla mashine haijafika. Soketi nyingi za uani zina tundu la tatu lisilounganishwa na kitu, na mashine yote hii ni chuma unachokishika kwa mikono miwili. Afunge na kikata umeme kinachogundua mvujo. Kama utatumia jenereta, yeye ndiye aipime volti zake mashine ikiwa imebeba mzigo. Bodi ya mota au inveta isifunguliwe mara tu baada ya kuchomoa plagi: kapasita zake zinabaki na umeme mkali kwa dakika kadhaa, na kama huna mita ya kuthibitisha zimeisha, usiguse.

Kwako wewe mwenyewe kwenye mashine: hakuna glavu, hakuna pete, hakuna shati la mikono mirefu iliyofunguliwa, na ufunguo wa chaki usikae kwenye chaki hata kwa sekunde ambayo hauushiki. Miwani kila mara, hata kwa mkato mmoja. Chuma kinachotoka usikivute kwa vidole, tumia kijiti cha kukwarulia na brashi. Chumba kifungwe kwa kufuli kama kuna watoto nyumbani. Na kipande cha chuma kikikuingia jichoni usikisugue, usimwache mtu akitoe kwa ncha ya leso au kiberiti; funika jicho bila kulibana, nenda hospitali siku hiyohiyo na umweleze daktari kwamba ni chuma kilichoruka kutoka kwenye mashine, kwa sababu kipande kidogo kinaweza kupita ndani bila maumivu makubwa, na kama atafikiria kipimo cha MRI, lazima ajue kuna chuma.